Samaki wa Bafuni

Mama alikataa kuoga katika bafu nililomjengea, na alikataa kwa adabu, jambo lililoniudhi kuliko kama angenitukana. Kila asubuhi alitoka chumbani kwake na kanga kifuani na ndoo mkononi, akapita mbele ya mlango wa bafu jipya kama apitavyo mbele ya duka lililofungwa, akaenda zake uani kwenye bafu lake la makuti. Nikimwita, anaitika. Nikimwuliza leo vipi, ananijibu, "Kesho, mwanangu, inshallah." Kesho yake ndoo ile ile, njia ile ile.

Nina miaka hamsini na ushei, na kwa muda wote ule nilikuwa nikinuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Ili hasira zangu zieleweke, lazima niseme kazi ninayofanya. Mimi natengeneza masinki. Si yale meupe ya dukani yanayofanana yote. Yangu nayajenga kwa waya na saruji, nayatia rangi, halafu nayapamba kwa vipande vya sahani, vya chupa na vya makombe ya baharini. Natengeneza pia viti vya kuogea, na kuta za bafuni, na chochote kile ambacho maji hukipitia. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilipoachika nikarudi kwa mama hapa Bagamoyo, nilikuta mafundi wanatupa debe zima la sahani zilizovunjika kwenye nyumba moja ya wageni, nikaona uchungu maua yote yale yakienda jalalani. Nikaliomba debe. Sinki langu la kwanza lilivuja kama kapu. La pili halikuvuja.

Wateja wamenizeesha. Mkulima mmoja wa Kiwangwa, aliyepata mavuno mazuri, aliniagiza sinki lenye umbo la nanasi lililopasuliwa katikati. Nilikaa nalo wiki tano, kila jicho la nanasi nikilitengeneza peke yake, koki ikitokea katikati ya majani ya kijani. Likapelekwa, likafungwa, na baada ya siku mbili akanipigia simu kwamba mkewe amekasirika. Mwanamke anashinda shambani akikata mananasi mpaka vidole vinachubuka, anarudi nyumbani kunawa, anakuta nanasi. Nikasema shauri yao. Lakini moyoni niliona yule mama ana haki, na hilo likanikera wiki nzima.

Mwingine ana mgahawa pale Msata, yanaposimama mabasi na malori. Alitaka sinki la kunawia mikono liwe kama uso wa lori, na taa zake mbili na bampa. Nikamfanyia. Madereva walilipenda mno, wakawa wanapiga nalo picha huku mikono ina ugali, watu wengine wamesimama nyuma wanangoja kunawa, na mwenye mgahawa akaniambia nimemharibia biashara. Wenye nyumba za wageni za ufukweni nao kila mmoja ana picha kwenye simu yake: "Nifanyie hivi hivi." Hivi hivi siwezi. Ningeweza hivi hivi ningefungua duka.

Na wote, hata wanaonisifu, huishia kucheka. Urembo wa chooni! Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu huianza siku yake humo, yuko peke yake, hana pa kutazama ila ukutani. Kwa nini ukuta uwe mtupu? Hilo nimelisema mara nyingi, mbele ya watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha kucheka.

Basi, mama. Mama ni mtoto wa wakulima wa Fukayosi, aliolewa akaletwa hapa mjini na baba, na tangu hapo hajawahi kuoga mahali pengine isipokuwa kwenye bafu la uani ambalo baba alilijenga kwa miti ya mikoko, fito na makuti. Makuti yamebadilishwa mara nyingi, miti ni ile ile. Kutoka mlango wa jikoni hadi huko ni hatua kama ishirini, na katikati ya hatua hizo pana mahali maji ya paa hukusanyika, udongo ukawa mlenda. Mvua za vuli zilizopita mama aliteleza hapo hapo. Nilimkuta amekaa kwenye tope na ndoo yake pembeni, anatengeneza kanga yake vizuri kwanza kabla ya kuniita.

Daktari alisema mfupa wa nyonga umepata ufa tu, utaunga. Halafu akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akianguka tena, kwa umri ule, nisitegemee kumwona amesimama. Tangu siku ile nikawa naitazama kalenda kwa jicho moja. Masika yangefika, na kabla hayajafika mama alitakiwa aache kupita uani. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, wala halikuwa jingine.

Fundi bomba ninayefanya naye kazi, mtu mzima mwenye familia yake, alikuja kuangalia. Akatembea toka jikoni hadi kwenye makuti, akarudi. "Dada mkubwa," akasema, "mwaga zege hapa, funga kamba ya kushikia toka huku mpaka kule, bi mkubwa apite zake. Siku mbili kazi imekwisha."

Nilimtazama kama mtu aliyenitukana. Mimi, ninayewatengenezea masinki wageni ambao hata majina yao siyajui, mama yangu mzazi nimfungie kamba? Nikamwambia tutageuza stoo iliyo ubavuni mwa chumba chake iwe bafu, choo cha kukaa ndani kwa ndani, hatua nne kutoka kitandani. Na nikamwambia kwamba bafu hilo litakuwa kazi yangu bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Akainua mabega, akaanza kupima.

Ilikuwa bora kweli. Sitajifanya mnyenyekevu. Sinki nililitengeneza kama kifuu cha nazi, nje rangi ya kahawia yenye nyuzi nyuzi, ndani jeupe pepe, maji yakitoka kwenye mdomo wa kolekole. Kutoka kwa huyo kolekole samaki wengine walienea ukuta mzima, kumi na saba kwa jumla, changu na kibua na chewa mmoja mnene, wote wa vipande vya sahani za buluu, kila mmoja na jicho lake moja la shanga nyeusi. Kuzunguka choo cha kukaa nilipitisha pindo la kanga lenye korosho kubwa kubwa, kwa sababu ya mikorosho ya kwao Fukayosi. Sakafuni niliweka waridi jekundu, kubwa, lenye majani mpaka kwenye kona. Kila kitu nilikipiga msasa kwa mkono wangu, siku baada ya siku, mpaka kikawa laini kama yai. Na juu ya kiti cha kuogea, katikati ya samaki, nilipachika bakuli la maua ambalo mama alikuja nalo siku ya harusi yake, lile ambalo halitolewi kabatini ila sikukuu. Sikumwomba. Nilitaka alikute.

Siku ya kumwonyesha nilimtayarishia maji ya vuguvugu na kuyatia asumini. Nikamshika mkono, nikafungua mlango. Mama akasimama. "Mashallah," akasema. Akaingia taratibu, akaweka kiganja ukutani, akawa anakipitisha juu ya samaki, kutoka mmoja hadi mwingine, hadi kwenye sinki, hadi kwenye ukingo wa dirisha. Anapapasa kila kitu. Mimi nimesimama mlangoni machozi yananilenga. Nikajisemea, hatimaye kuna mtu hacheki.

Halafu akageuka kukitazama choo, akatazama dirisha, akatazama jua.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikikaa hapo nitakuwa nimemwelekea nani?"

Kibla. Mtoto wa Kiislamu, nimesoma chuoni, nimehitimu msahafu kabla sijavunja ungo, na nimekielekeza choo cha mama yangu Kibla moja kwa moja, sawasawa kama msikiti. Na kwa nini? Kwa sababu nilitaka akikaa awe anawatazama samaki. Fundi bomba, ambaye naye huswali tano, alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamgeukia. "Nilidhani umeshapima," akasema. Nilitamani sakafu inimeze, waridi na yote.

Tulibomoa. Pindo la kanga nililipasua kwa tindo mimi mwenyewe, korosho zikaruka vipande vipande. Choo tukakigeuza kielekee baharini, bomba likahamishwa, pindo nikalisuka upya. Hiyo ilituchukua wiki mbili, na wakati huo wote mama alikuwa akipita na ndoo yake kwenda uani, akitusalimia kwa upole: "Poleni na kazi."

Tulipomaliza nikamwita. Akaja, akaingia, akatoka.

"Hawa samaki wananitazama," akasema.

"Mama, ni sahani hizi."

"Nawajua ni sahani. Lakini wana macho, na mimi niko uchi."

Ningeweza kubishana. Nilikuwa na hoja za kutosha. Lakini niliona wingu upande wa bahari, nikachukua kisu chenye ncha, nikapanda kwenye kigoda, nikayang'oa macho yote, moja moja, samaki kumi na saba. Shanga zilidondoka sakafuni zikawa zinaviringika chini ya kiti na mimi nazifuata kwa magoti huku nikisema maneno ambayo mama hakunifundisha. Mashimo nikayaziba kwa saruji nyeupe. Chewa wangu mnene alibaki kama mtu aliyelala kikaoni.

"Haya," nikamwambia mama. "Hakuna anayekutazama."

Akanishukuru. Kesho yake akaenda uani.

Safari hii sikungoja. Nilimfuata hadi jikoni, nikamwuliza kuna nini tena. Akaendelea kuchambua mchele wake. Kisha akasema, "Bakuli langu."

Nikamwambia nililiweka pale kwa heshima, nilitaka kitu chake kizuri kiwe mahali pazuri asikifungie kabatini.

"Najua ulivyotaka," akasema. "Lakini watu wa zamani walipachika bakuli kwenye kaburi, upande wa kichwani. Pale kwenye magofu ya Kaole tumeyaona wote, mimi na wewe, tulipokwenda na shule yenu. Bakuli la mtu linapachikwa ukutani akishamaliza kula." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Mimi bado nakula, mwanangu."

Nilikwenda nikachukua tindo na nyundo ndogo, na asubuhi nzima nikawa nalizunguka lile bakuli, tonge kwa tonge la saruji, roho mkononi. Lilitoka zima, isipokuwa ukingoni lilimeguka kidogo kama punje ya mchele. Ukutani likabaki tundu la duara. Nililiosha bakuli nikampelekea, na mama akalinywea uji jioni ile ile, siku ambayo haikuwa sikukuu yoyote. Nikasema basi, sasa hana sababu.

Asubuhi nikaisikia ndoo.

Niliyoyasema siku hiyo nayakumbuka yote, na sijivunii hata moja. Nilimzibia njia, katikati ya ua. Nikamwambia watu wanatoka Dar es Salaam kuja kuitazama kazi yangu, na yeye aliyenizaa hataki hata kuiingia. Nikamwambia nimebomoa, nimegeuza, nimepofua, nimechimbua, na kila nikimaliza moja anazua jingine. Nikamwambia kama anataka kufa kwenye tope aseme, nisijichoshe. Nikamwambia mbingu ile pale, aitazame, masika hayo yanakuja, na akianguka safari hii atalala kitandani na mimi ndiye nitakayemwogesha kwa kitambaa, apende asipende.

"Nimekusikia," akasema mama. Akanipita ubavuni, akiliepuka lile bonde la maji kwa hatua ndogo ndogo, akaingia kwenye makuti yake.

Nilimngoja amalize. Aliporudi akakaa barazani mwa jikoni kukuna nazi. Mimi nikachukua nyundo kubwa na panga, nikaenda uani, nikaanza kulibomoa bafu lake.

Hakuna wa kunisimamisha, na kusema kweli nilitaka anisimamishe. Nilichana makuti kwanza, yakaanguka na vumbi na mijusi. Nikakata kamba za fito. Nikasikia mbuzi ya nazi imenyamaza, nikajua mama ananitazama, nikazidi. Nguzo ya kwanza ya kona ilikuwa imeoza chini, nikaisukuma kwa bega ikaenda. Ya pili hivyo hivyo. Nikabaki na mti mmoja, ambao haukuwa kwenye kona. Ulikuwa umechimbiwa karibu na lile jiwe analokalia kuogea, umesimama peke yake, hauzuii chochote. Nikaushika kwa mikono miwili niutikise.

Mkono wangu wa kulia uliteleza ukaingia mahali.

Nikaachia nikatazama. Mti ule ni mkoko, mgumu, mweusi, umekwaruzika kila mahali. Lakini usawa wa kiuno changu palikuwa na sehemu ya urefu wa kiganja iliyolika ikabonyea, inang'aa, laini kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga msasa maishani mwangu. Chini yake kidogo palikuwa na sehemu ya pili, usawa wa mtu aliyekaa. Ya chini ilikuwa imelika zaidi. Niliweka kiganja changu pale juu. Kikaingia kwa kubana, maana kiganja cha mama ni kidogo kuliko changu.

Nikakumbuka siku ya kwanza, mama akipitisha mkono juu ya samaki, kwenye sinki, kwenye ukingo wa dirisha. Nilidhani anapapasa urembo. Alikuwa anatafuta pa kushika. Na mimi nilikuwa nimelainisha kila kitu humo ndani kama yai, nikasimama mlangoni nikilia kwa furaha.

Fundi bomba alikuwa ameniambia: kamba ya kushikia. Siku mbili kazi imekwisha.

"Huo uache, mwanangu," mama aliita kutoka barazani. Hakupaza sauti. "Hiyo mingine toa. Huo ndio ninaoshika."

Nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake, na makuti kichwani. Nilikuwa bado nimekasirika, ila sikujua tena nimkasirikie nani. "Mbona hukusema?" nikamwuliza. "Kibla, macho, bakuli. Miezi yote hii. Mbona hukusema neno moja tu?"

"Kibla kilikuwa kweli," akasema.

"Na mengine?"

Akakigeuza kipande cha nazi mkononi. "Na bakuli lilikuwa kweli kidogo." Halafu akasema, "Umetengeneza vitu vyote vile, mwanangu. Niseme mimi nataka mti?"

Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo, angesema, ningemletea miti kumi. Lakini si kweli. Angeniambia kabla sijaanza, ningemtazama nilivyomtazama fundi bomba.

Tuliuchimbua mti siku ile ile, mimi na fundi, kwa uangalifu kuliko nilivyolichimbua bakuli. Fundi, masikini, alisema kuna vyuma vya kushikia dukani, vinang'aa, vinafungwa kwa skrubu. Nikamwambia vyuma hivyo havina mkono wa mtu. Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Chini ulikuwa umeoza kama shubiri mbili, tukaukata. Hapo ikatupasa tujue uchimbiwe kina gani, kwa kuwa pale palipolika pasipokuwa mahali pake hapana maana. Nikamwita mama aje akae kwenye kiti cha kuogea, afumbe macho, anyooshe mkono bila kufikiri. Akanyoosha. Fundi akashusha mti kidogo, akapandisha, mpaka kile kibonyeo kikaingia chenyewe kwenye kiganja chake. "Hapo," akasema mama, macho bado amefumba.

Hapo palikuwa katikati ya waridi langu.

Nililitoboa. Petali nne zilikwenda kwa tindo, nyekundu, ambazo sahani zake nilizitafuta mpaka kwenye majalala ya Kiwangwa. Kila nikipiga nilisikia kwenye meno. Mti ukasimamishwa, zege likamwagwa, nikafunika tundu kwa saruji ya kawaida ya kijivu, kwa sababu sikuwa na moyo wa kupamba tena. Kuna saa moja nilichukua makombe madogo nikataka kuuvika ule mti shanga, toka juu hadi chini. Mkono ulikuwa unaniwasha. Nikayarudisha kwenye kopo. Ndicho kitu pekee humo ndani ambacho sikukigusa, na mpaka leo kinaniharibia bafu zima. Anayeingia huona kwanza gogo jeusi katikati ya chumba na huniuliza ni la nini.

Masika yalifika wiki iliyofuata, asubuhi, kwa kelele kama kawaida yake. Maji ya paa yakajaa lile bonde uani, na zaidi ya hapo, palipokuwa na makuti, pakawa dimbwi. Nilikuwa nimesimama kwenye korido mama alipotoka chumbani na kanga yake na ndoo yake, maana ndoo hajaiacha, koki ni ya mdomo wa samaki na yeye maji ya mdomoni hayataki. Akatazama mvua mlangoni. Akageuka kushoto. Akaingia bafuni akafunga mlango.

Nilikaa sakafuni nje ya mlango kama mlinzi. Nikasikia ndoo ikitua. Nikasikia kata ikizama na kuinuka, maji yakimwagika, kimya kidogo, maji tena, bila haraka. Hakuna mguno, hakuna kujikokota ukutani. Nilikuwa nikihesabu kila mmwagiko, na kila mmoja ulikuwa hatua moja ambayo hakuikanyaga kule nje. Kisha maji yakakatika. Pakawa kimya kirefu mno, nikainuka, mkono kwenye kitasa.

"Mwanangu," akaita kutoka ndani.

"Labeka, mama. Kuna nini?"

"Hakuna." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa, aliyetulia, anayetazama huku na huku kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nauliza. Hawa samaki wako wazuri hivi, mbona hawana macho?"

Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango. Shanga zote kumi na saba zilikuwa chumbani kwangu, ndani ya kopo la majani ya chai.

"Nitawatia kesho, mama," nikasema. "Inshallah."